Pikapu ikilia mlimani, tuzime redio tuisikilize



Leo nataka tuongee juu ya sauti moja. Ni ile sauti nyembamba, kama ya mbu mkubwa au ya mtoto anayelialia, inayotoka kwa pikapu kila mara shofere anapokanyaga mafuta ili apande mlima. Kila mtu aliyewahi kupanda gari kutoka Butembo kuelekea Musienene na Lubero anaijua. Akikanyaga, inapanda. Akiachia, inashuka. Tumeizoea. Shofere anaongeza redio, abiria wanaendelea na maongezi yao, na gari inaenda.

Maoni yangu ni haya: kuizoea sauti hiyo ni hatari, na kukimbilia kununua vipande bila kuisikiliza ni kutupa pesa. Gari inapolia inaonyesha mahali inapoumwa. Mwenye gari, shofere, fundi, na sisi tunaopanda nyuma, kila mmoja ana kazi yake ya kuisikiliza kabla haijanyamaza yenyewe katikati ya njia.

Kwa nini jambo hili ni letu sote

Tangu katikati ya mwaka 2024, familia nyingi zilipohama Kanyabayonga, Kaina na Kirumba, pikapu haikubaki tena gari ya biashara tu. Ndiyo inayobeba magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea. Ndiyo inayoleta maharagi na viazi sokoni. Usiku, pale ambapo hakuna ambulansi, ndiyo inayompeleka hospitalini mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Gari hiyo ikikwama, mwenye gari anapata hasara, ni kweli. Lakini angalia hasara ya yule aliye juu ya mizigo. Nauli alishalipa. Viazi vyake vitapigwa na mvua. Usiku unaingia, na barabara hii hakuna anayependa kulala njiani. Mtu mwenye nyumba karibu anaweza kurudi kwake akangoje. Aliyehama arudi wapi?

Najua jibu la wenye magari, na si jibu la kijinga. Wanasema: "Gari ikilala siku moja, watoto hawali. Siwezi kuisimamisha kwa ajili ya kelele." Shofere naye anasema: "Nikimwambia patro kwamba gari inalia, atasema nimeiharibu mimi, na pesa ya kila siku ataitaka vilevile." Ninawaelewa. Ila kuisikiliza gari vizuri hakuhitaji siku nzima. Kunahitaji dakika kumi na tano, mahali tambarare, na watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine nje. Hakuna kipande cha kununua. Na si kila mlio unaotaka gari isimame. Mwingine unakuruhusu kufika sokoni na kurudi, na mwingine haukuruhusu hata kilometa tano. Asiyejua tofauti ndiye anayelala njiani.

Maswali matano ya kuiuliza gari

La kwanza, zima redio. Usicheke. Kuna mlio unaotoka ndani ya spika zenyewe na kupanda pamoja na motere, kwa sababu umeme wa alternateri unaingia katika redio, mara nyingi kupitia waya wa masi uliolegea au wenye kutu. Redio ikizimwa na mlio ukaisha, usimguse mtu wa turubo. Mtafute fundi wa umeme. Mlio ukibaki, endelea.

La pili, gari ikiwa imesimama, breki ya mkono imevutwa na vitesi haijaingia, kanyaga mafuta taratibu. Je, mlio upo? Ukiwa upo, ugonjwa uko upande wa motere: mkanda, alternateri, pampu ya usukani, turubo, au rulema ya mbele ya bwate ya vitesi. Kama haupo kabisa na unakuja tu gari ikitembea, angalia zaidi nyuma na chini: bwate ya vitesi, ponti ya nyuma, rulema za magurudumu, au matairi yenyewe. Turubo pekee inaweza kukudanganya hapa, kwa kuwa inafanya kazi kwa nguvu zaidi gari ikibeba mzigo kuliko ikiwa imesimama.

La tatu, gari ikitembea, je, mlio unafuata motere au unafuata magurudumu? Tembea mwendo uleule, tuseme kilometa 40 kwa saa, kwanza kwa vitesi ya tatu, halafu kwa ya nne. Ukibadili vitesi, motere inapunguza mzunguko lakini magurudumu yanazunguka vilevile. Mlio ukishuka pamoja na motere, ni wa upande wa motere. Ukibaki vilevile, ni wa ponti au wa magurudumu. Ukisikika katika vitesi moja tu, ni wa bwate ya vitesi.

La nne, ukiachia mafuta ghafla na gari ikaendelea kuteremka, mlio unafanya nini? Meno ya ponti ya nyuma, kile kichwa cha duara cha chuma katikati ya ekseli, hulia hasa yanaposukumwa. Ukiachia mafuta, mlio hubadilika au hupotea. Rulema ya gurudumu na tairi la matope haziangalii kama umekanyaga au umeachia. Zinavuma tu kadiri ya mwendo.

La tano, geuza usukani. Ikiwa gari imesimama na mlio unaongezeka unapozungusha usukani, ni pampu ya usukani inalilia mafuta. Ikiwa gari inatembea na uvumaji unaongezeka unapoegemea upande mmoja na kupungua upande wa pili, ni rulema ya gurudumu. Jaribu hili polepole, mahali pasipo watu.

Kwa maswali hayo matano, hata mtu asiyejua kushika ufunguo anafika kwa fundi akiwa na neno la maana. Badala ya "gari inalia", anasema: "Inalia ikitembea tu, ninapokanyaga, na ninapoachia inanyamaza." Fundi mzuri akisikia hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Dawa ya kila mlio

Tuanze na mkanda. Ukiwa umelegea, umechakaa au umemwagikiwa na mafuta, unateleza na kupiga kelele kali, hasa asubuhi na mvua. Mimina maji kidogo juu yake motere ikizunguka, mkono na nguo vikiwa mbali. Mlio ukibadilika papo hapo, umempata. Ukaze, au ubadilishe kama una nyufa au unang'aa kama kioo. Kuupaka sabuni, kama wengine wanavyofanya, ni kumfunga mgonjwa mdomo.

Pampu ya usukani. Angalia kibweta chake cha mafuta. Kama kiwango kimeshuka, au mafuta yana povu, pampu inavuta hewa. Jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au katika kitabu cha gari, kisha tafuta mpira unaovuja. Kamwe usitie mafuta ya breki humo, yanaharibu mipira ya ndani na utanunua pampu nzima.

Alternateri na rulema ndogo za mbele ya motere. Fundi anachukua turnavisi ndefu, anagusisha ncha kwenye mwili wa kila kimoja, na kuweka sikio karibu na mpini. Rulema mbovu inasikika kama mchanga unaosagwa. Mara nyingi fundi hodari anaweza kubadili rulema peke yake, hakuna haja ya kununua alternateri nzima.

Bwate ya vitesi. Gari ikiwa imesimama na motere inazunguka, kanyaga ambriyaji. Mlio ukipotea unapokanyaga, rulema ya kuingilia ya bwate imechoka. Mlio ukianza unapokanyaga, ni bute ya ambriyaji. Hiyo ni tofauti ya sekunde mbili, lakini inakuonyesha kipande kipi cha kubadili. Kabla ya yote, pima mafuta ya bwate, maana yakipungua, meno husagana makavu.

Turubo. Hapa watu wengi wanapoteza pesa. Kwanza jua kama gari yako inayo. Land Cruiser nyingi za kazi zenye motere ya 1HZ hazina turubo kabisa, basi anayekuambia "turubo yako imekufa" kwa motere kama ilivyotoka kiwandani anakuuzia upepo. Hilux nyingi za mazutu za miaka ya karibuni zinayo. Turubo yenye afya ina mluzi mdogo, hilo ni la kawaida. Mluzi ukiwa mkubwa, gari ikakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, chunguza kwanza mipira mikubwa ya hewa inayotoka kwa turubo kwenda kwa motere. Mpira uliopasuka au kola iliyolegea hutoa mluzi uleule, na bei yake haifanani hata kidogo na ya turubo. Lakini ukisikia mlio kama king'ora, ukaona moshi wa bluu na mafuta ya motere yanaisha haraka, turubo yenyewe inakufa.

Ponti ya nyuma. Huu ndio mlio wa mlima na wa mzigo mzito. Pikapu nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja. Sisi tunaweka magunia, mabidoni, juu yake watu, na juu ya watu kuku. Halafu tunavuka maji ya mvua yanayofika juu ya ekseli, na ponti ya moto ikiguswa na maji baridi inavuta maji ndani kupitia tundu lake la kupumulia au mpira uliochoka. Fungua kizibo cha kujazia. Mafuta yanatakiwa kufika kwenye ukingo wa tundu hilo. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, meno au rulema zinaliwa. Kama yamepungua tu au yana maji kidogo, yamwage yote, tia mapya mazito ya namba iliyoandikwa kwa gari yako, kwa nyingi ni 80W-90, kisha tafuta mahali yalipotokea. Lakini meno yakishaliwa, mafuta hayawezi kuyarudisha. Taji na pinyo hubadilishwa pamoja, kwa sababu yalisagwa pamoja. Anayebadili moja na kuacha lingine ataleta mlio mpya.

Rulema ya gurudumu. Weka mawe kwa magurudumu mengine, inua moja kwa kriki na kuliegemeza vizuri. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, au likizungushwa linakwaruza, umefika. Na kabla ya kulaumu rulema, kumbuka kwamba tairi la matope lenye meno makubwa huvuma lenyewe kwenye lami na kunyamaza kwenye udongo. Huo si ugonjwa.

Upi unaweza kungoja na upi hauwezi

Mkanda unaopiga kelele kidogo asubuhi, mluzi mdogo wa mpira wa hewa, mlio wa redio: hayo yanaweza kungoja mpaka kesho garajini, mradi shofere aangalie taa za dashibodi na joto la motere. Pampu ya usukani inaweza kungoja ukishajaza mafuta yake na kuona hayavuji.

Matatu hayangoji. Turubo inayolia kama king'ora na kutoa moshi wa bluu: vipande vyake vinaweza kuingia katika motere, au motere ya mazutu ikaanza kunywa mafuta yake yenyewe na kuzunguka hata ufunguo ukizimwa. Ponti inayovuma kwa nguvu na kugonga: rulema ya pinyo ikivunjika, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga gari ikiwa katika mwendo, labda kwenye mteremko. Na rulema ya gurudumu inayocheza: gurudumu linaweza kutoka. Katika hali hizo tatu, watu washuke. Hakuna soko wala nauli inayolingana na gari iliyojaa mama na watoto ikipinduka.

Nani afanye nini

Kwa wenye magari nasema: shofere anayekuja kukuambia "patro, gari inalia" amekuokolea pesa, usimkemee. Ukimkata malipo kwa sababu ya kusema, mara ya pili atanyamaza, na gari itakuambia yenyewe ikiwa imekufa. Nunua daftari moja. Andika siku mafuta ya motere, ya bwate na ya ponti yalipobadilishwa. Gari nyingi hapa kwetu zinajua tarehe ya mafuta ya motere, lakini hakuna anayekumbuka mara ya mwisho ponti ilipofunguliwa.

Kwa mafundi: tunawaheshimu, wengi wenu mnafanya maajabu kwa vifaa vichache na vipande vinavyopitia Kasindi kwa bei ya juu. Lakini panda gari kabla ya kuifungua. Tembea na shofere, uisikie ikipanda mlima na ikishuka. Ukibadili kipande, mrudishie mwenye gari kile cha zamani akione kwa macho. Fundi anayefungua kabla ya kusikiliza anatafuta ugonjwa kwa pesa ya mgonjwa.

Kwa mashofere: kuongeza sauti ya redio hakumponyi mtu. Na ukiulizwa na abiria, usimjibu kwa ukali. Yeye amekukabidhi watoto wake.

Na kwenu abiria, hasa ninyi mliohama makwenu. Najua aliyehama huogopa kusema. Mtu anajiona mgeni, anajiona anabebwa kwa huruma hata akiwa amelipa nauli sawa na wengine. Ninawaambia: mna haki ya kuuliza. Mama, kabla hujapandisha watoto, muulize shofere kwa heshima: "Baba, mlio huu ni wa nini? Umeonyesha fundi?" Mtu anayeijua gari yake atakujibu kwa maneno mawili. Akikosa jibu na gari inanguruma nyuma kama kinu, ngoja nyingine kama unaweza. Mkiwa wengi mnaouliza, wenye magari watatengeneza. Mkinyamaza wote, watatengeneza siku ya ajali.

Viongozi wa kambi na kamati za wakimbizi wa ndani wanaweza kusaidia pia. Pale kamati inapokodi pikapu kwa kuhamisha familia au kusafirisha chakula, iandike jambo moja zaidi katika mapatano: gari ijaribiwe na mzigo, kwenye mlima mdogo, kabla ya siku ya safari, na sehemu ya malipo ibaki mpaka watu wafike. Hilo si kumdharau mwenye gari. Anayeijua gari yake hataogopa kulipwa mwisho wa njia.

Hatuna uwezo wa kutengeneza barabara yote kutoka Butembo mpaka Lubero, wala kumaliza vita kwa mikono yetu. Lakini lita mbili au tatu za mafuta ya ponti, mkanda mpya, kola ya mpira wa hewa, hayo yako ndani ya uwezo wetu, na yakifanywa mapema yanagharimu kidogo kuliko usiku mmoja wa kukwama. Kesho asubuhi, kabla mizigo haijapanda, shofere azime redio, akanyage mafuta taratibu, na wote walio karibu wanyamaze kidogo. Mlio ukisikika, maswali matano mnayo.

Mwandishi wenu, Butembo